Kwa walimu wapya wanaofundisha uhamiaji kwa nyaraka za mtandaoni

Nawapenda, lakini mkiendelea kuandika kwenye andalio la somo kwamba "wanafunzi watafute mtandaoni habari za Ellis Island", kile kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York, Marekani, kisha ninyi mkae mkisahihisha madaftari, tutakosana.

1. Chagueni hati wenyewe kabla ya kipindi. Orodha moja ya abiria wa meli, yenye safu za umri, kazi, fedha mkononi na jamaa anayefuatwa, inatosha kipindi kizima. Orodha hizo ziliandaliwa na kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea, kwa hiyo ile hadithi ya maofisa wa Ellis Island kuwabadilishia watu majina iacheni.

2. Kila picha iulizwe ilipigwa na nani, na katika hali gani. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliwaonyesha wanafunzi picha za Augustus Sherman, karani wa Ellis Island aliyewapiga picha wahamiaji mwanzoni mwa karne ya 20, nikatangaza kwamba mavazi yale ya kupendeza ndiyo waliyoteremka nayo melini. Nikatoa zoezi, nikasahihisha, nikagawa alama. Kijana mmoja wa nyuma, niliyedhani anasinzia, akafungua picha za mpiga picha mwingine, Lewis Hine, za kituo hicho hicho na kuuliza mbona hawa wamevaa makoti ya kawaida. Nilimjibu kwa ukali wa mtu asiyejua. Niliposoma maelezo ya picha, nilikuta kwamba wengi wa watu wa Sherman walikuwa wamezuiliwa kituoni, na inaelekea walihimizwa kuvaa nguo za sherehe zilizokuwa kwenye masanduku yao. Kibaya zaidi, wanafunzi wawili walioshuku katika majibu yao nilikuwa nimewakata alama. Alama nilizirudisha, uso sikuwa nao.

3. Msiishie New York. Ellis Island, iliyopokea watu wapatao milioni 12 kati ya 1892 na 1954, hutawala matokeo ya utafutaji, na mwanafunzi huondoka akidhani mlango ulikuwa wazi kwa wote. Mpelekeni Angel Island, kituo cha wahamiaji kwenye ghuba ya San Francisco, ambako kati ya 1910 na 1940 Wachina waliobanwa na sheria ya 1882, iliyozuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, walihojiwa hata idadi ya ngazi za nyumba zao kijijini, na baadhi yao wakachonga mashairi kwenye kuta za mbao. Wanafunzi wangu walipojaribu kuhojiana hivyo, mmoja alishindwa kutaja idadi ya madirisha ya nyumba anayoishi, na vicheko vilipotulia mwenzake akauliza aliyekosea alifanywa nini. Mahojiano yaliyohifadhiwa yapakueni mapema, maana mtandao hukatika swali kama hilo likishaulizwa.