Jibu: Jirani anaomba hela kila wiki, ada ya watoto haijalipwa

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kama ni dhambi kumkatalia jirani anayeomba kila wiki wakati ada ya wanao bado. Kwanza soma 2 Wakorintho 8:12-13. Paulo anataka mtu atoe kwa kadiri ya alicho nacho, si wengine wapumzike yeye ataabike. Tenga ada, kinachobaki ndicho cha kutoa. Mimi hela mkononi niliacha: nanunua unga, au naenda mwenyewe duka la dawa kulipa. Ukizidiwa, peleka jambo kwenye jumuiya, maana hata mitume walikabidhi huduma ya wajane kwa watu 7 (Matendo 6). Lakini usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp, tafadhali! Kama tatizo ni pombe, hapo sina uzoefu, muone mchungaji.