Maswali ya Wasomaji: Nani Huyanyoosha Mawimbi ya Matema?

SWALI: Nilipokuwa Matema, wilayani Kyela, nilipanda mlimani nikaona mawimbi ya Ziwa Nyasa yakija kwa mshazari kutoka kusini, lakini yalipofika mchangani yalikuwa karibu sambamba na ufukwe. Je, upepo hubadilika karibu na nchi kavu? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: La, ndugu msomaji, kinachoyageuza ni sakafu ya ziwa. Msukosuko wa wimbi hufifia kadiri unavyoshuka majini, na katika kina kinacholingana na nusu ya umbali uliopo kati ya mgongo mmoja wa wimbi na mwingine, huwa umekaribia kwisha. Kwa hiyo mawimbi yanayoachana kwa mita 40 huanza kuigusa sakafu penye kina cha mita 20 hivi, na tangu hapo kina kikipungua, mwendo nao hupungua: penye mita 4 wimbi huenda karibu mita 6 kwa sekunde, na penye mita 1 huenda karibu mita 3 tu.

Wimbi likija mshazari, ncha moja hutangulia kuingia kwenye maji machache ikapunguza mwendo, ilhali ncha ya pili, ingali kilindini, huendelea na kasi yake, na hivyo mstari mzima hugeukia ufukwe. Fikiria vijana kumi walioshikana mikono, wakitoka penye ardhi kavu na kuingia mshazari katika jaruba la mpunga: wa kwanza kukanyaga tope atakawia, wa mwisho atazidi kusogea mbele, na safu itapinda bila yeyote kuamuru.

Penye rasi, ambako maji hupungua kina mapema, mawimbi huipindia kutoka pande zote mbili na nguvu yake hukusanyika hapo. Ghubani nguvu hiyo hutawanyika, na ndiko mtumbwi unakotulia. Chini ya Milima ya Livingstone, mahali ambapo mwamba umezama majini ghafla, mawimbi hayapati nafasi ya kupinda, bali huupiga kwa mshazari uleule yaliokuja nao.

Hata Matema hayanyooki kabisa. Utakaporudi, simama majini na utazame povu miguuni pako: hupanda mchanga likiwa limeinamia upande mmoja, kisha maji hurudi yakiteremka moja kwa moja, na kwa kila safari hiyo chembe za mchanga husogezwa kidogo kandokando ya ufukwe.