Usiseme Ni Uzee: Kiuno, Presha na Sukari Huenda Pamoja

Nilipokuwa na miaka 63, mwaka wa tatu tangu nistaafu ualimu hapa Morogoro, fundi cherehani alinipima kiuno kwa ajili ya suruali ya harusi ya binti yangu, akarudia kupima, kisha akaandika sentimita 106 kwenye daftari lake. Kurasa chache nyuma, katika daftari hilo hilo, kipimo changu cha zamani kilikuwa 93. Uzito wangu ulikuwa umeongezeka kilo nne tu, ndiyo maana nilijiona mzima. Sikujua kwamba nyama ya mapaja na mikono ilikuwa imepungua na mafuta yamejazana tumboni, kwa kuwa mizani haitofautishi kilo ya msuli na kilo ya mafuta.

Miezi michache baadaye nilipimwa presha ikawa 138 kwa 86, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa milimoli 6.3 kwa lita. Mhudumu aliyenipima aliniambia kwa upole, "Mzee wangu, hivi ni vya umri, usiwe na wasiwasi." Niliondoka nimefarijika, na faraja ile ikanipotezea mwaka mzima. Kila kipimo kilitazamwa peke yake, kila kimoja kikaonekana kimepanda kidogo, na hakuna aliyeviweka vyote mezani kwa pamoja.

Vikiwekwa pamoja, vina jina: sindromu ya metaboliki. Daktari Gerald Reaven wa Marekani ndiye aliyeieleza kwa ufasaha mwaka 1988, akionyesha kwamba mwili unapoanza kuikaidi insulini, yaani homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, basi sukari, presha na mafuta ya damu huharibika kwa pamoja. Siku hizi madaktari hutazama mambo matano: kiuno kipana; presha inayofika 130 kwa 85 au kuzidi; sukari ya kabla ya kula inayofika 5.6, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zinazofika 1.7, na kolesteroli nzuri iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Anayetumia dawa ya mojawapo ya hayo huhesabiwa kuwa nalo. Matatu kati ya matano yanatosha, nami nilikuwa nayo matatu kabla hata ya kupimwa mafuta ya damu. Kuhusu kiuno, Waafrika wa kusini mwa Sahara tumepewa mipaka ya Wazungu, yaani sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, kwa sababu takwimu zetu wenyewe zilikuwa hazitoshi. Jambo hilo linanisikitisha, lakini mpaka wa kuazima ni bora kuliko kutopima kabisa.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Simama bila shati, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na katikati ya hapo uzungushe futikamba ikiwa imelala sawasawa kuelekea mgongoni. Toa pumzi kama kawaida, bila kuvuta tumbo ndani, ndipo usome. Mkanda wa suruali haufai kuwa kipimo, maana wengi wetu huufunga chini ya kitambi.

Uzeeni hatari hii ya kuelekea kwenye kisukari hujificha. Msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, kwa hiyo kadiri unavyopungua, sukari hukosa pa kwenda, na kongosho, linalotengeneza insulini, nalo limeshachoka. Dalili zenyewe hazisemi wazi: hisia ya kiu hufifia kadiri mtu anavyozeeka, tukiamka usiku kukojoa wanaume tunaisingizia tezi dume, uchovu tunauita umri, na ukungu wa macho tunauita mtoto wa jicho. Mtu aliyevuka miaka sitini asisubiri dalili; aombe kupimwa sukari kabla ya kula, na inapowezekana kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu.

Kilichonipa moyo ni utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambamo watu wenye sukari iliyoanza kupanda walitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ikapungua kwa asilimia 71. Wazee ndio walionufaika zaidi!

Nilianza na chai, kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja, kisha bila sukari. Ugali ukawa wa dona, tonge chache, na sahani ikajazwa mchicha, maharage na dagaa. Natembea nusu saa siku tano kwa wiki, na kila jioni nainuka kitini mara kumi bila kushika kitu, nikirudia awamu tatu, ili mapaja yasiendelee kukonda. Nawasihi wazee wenzangu wasijinyime chakula mpaka wadhoofu, kwani msuli unaopotea hivyo ni vigumu kuurudisha. Baada ya miezi kumi na minne kiuno kimefika 97 na sukari 5.7, bado sijashuka chini ya mipaka, na nitapima tena baada ya miezi mitatu.

Aliyekwisha kuanza dawa za kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadili mlo au kuanza mazoezi. Jirani yangu alianza kutembea nami asubuhi akiwa amemeza vidonge bila kula, na siku ya tatu sukari ikamshuka mno, akatokwa jasho, akatetemeka na kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Mkewe alimpa maji ya sukari haraka, akatulia. Wiki hiyo hiyo daktari alimpunguzia dozi, na sasa hatuondoki kabla hajanywa uji wake.