Maswali ya Wasomaji: Kisima kinakauka na ziwa tunaliona

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Usagara, wilayani Misungwi. Kisima alichochimba marehemu baba chini ya mlima wa mawe kilikuwa na maji mwaka mzima, lakini siku hizi ikifika Agosti tunateka tope. Jirani mmoja anatushauri tuongeze kina hadi tuyafikie maji ya ziwa, na mwingine anasema tuelekeze maji ya bati moja kwa moja kisimani. Serikali ya kijiji nayo imeitisha mkutano wa kulinda chemchemi iliyo juu yetu, na baadhi yetu tunahofia mashamba. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ziwa, kwa kuwa dhana hiyo inawapotosha wengi mkoani kwetu. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenu ni juu zaidi ya hapo. Maji ya ardhini hufuata mteremko kama yanavyofanya ya juu ya ardhi, kwa hiyo yanatoka kwenu kwenda ziwani, wala ziwa halilishi kisima chenu. Chini yenu kuna granaiti, mwamba uleule tunaouona ukichomoza ziwani kwenye Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza mjini, nao haunyonyi maji. Maji hukaa katika tabaka la mwamba uliolainika juu yake na katika nyufa zake. Ukiongeza kina unaweza kupata ufa wenye maji, lakini pia unaweza kukuta jiwe kavu baada ya fedha kwisha. Mnachoteka ni mvua iliyonyesha kwenye mteremko wenu wenyewe ikazama.

Wazee wa Kisukuma walijua kutenganisha luseni, yaani udongo wa kichanga wa miteremkoni, na mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni unaovimba ukilowa na kuyaacha maji yatuame juu. Luseni ndiyo inayopitisha maji, na kwa bahati mbaya ndiyo tuliyoikata miti, tukaijengea na kuiachia ng'ombe waikanyage hadi ikashikamana kama sakafu. Kabla ya mkutano, chimbeni vishimo viwili vyenye kina cha mkono hadi kiwiko, kimoja chini ya kichaka kisichoguswa na kingine kwenye njia ya mifugo, kisha mimineni ndoo ya lita 20 katika kila kimoja na mhesabu dakika hadi maji yaishe. Nina hakika wajumbe watakaosimama hapo kutazama watauelewa mjadala kuliko kwa hotuba yoyote.

Kinachohitajika, basi, ni kuyapunguzia maji mwendo huko juu, kwa makinga maji yanayokatiza mteremko, matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu) yaliyopandwa nyasi, na sehemu ya malisho kufungwa kwa misimu kadhaa. Utaratibu huo wa kufunga malisho, yaani ngitili, ni wetu wa asili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliufufua, na ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi zikazidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lengo lilikuwa hasa malisho na kuni, lakini ardhi yenye majani hupokea mvua kwa namna ambayo ardhi tupu haiwezi.

Kuhusu mashamba, hofu yenu ni ya haki na isipuuzwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawezesha maeneo ya vyanzo kutangazwa kuwa tengefu. Ombeni mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake hapa Mwanza, aje apime kwa futi mbele yenu, na mpaka uandikwe katika muhtasari. Mkifika hapo, ulizeni pia kuhusu kuunda jumuiya ya watumia maji, ili ulinzi usiachiwe mwenyekiti peke yake. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi iondolewe.

Maji ya bati msiyaingize kisimani, kwani yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege bila kuchujwa na udongo. Bati la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Yakusanyeni kwenye tangi, na yanayofurika yaelekezeni kwenye shimo lililojazwa mawe, upande wa juu wa kisima, mbali na choo na msingi wa nyumba.

Kazi hizo zifanyike kabla ya vuli. Vipimo vya visima vya Makutupora, Dodoma, vilivyochukuliwa tangu miaka ya 1950, vinaonyesha kwamba maji ya ardhini ya pale yamejazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, ukiwamo ule wa El Niño wa 1997/98, na msimu wa namna hiyo ukiwakuta mteremko ukiwa wazi, maji yote yatakwenda ziwani. Fungeni jiwe kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, mpime kisima kila tarehe mosi kabla ya mtu yeyote kuteka, na mwandike kwenye daftari.