Jirani akijenga juu yako mlimani, angalia maji kwanza

Mkuu, pole sana. Umesema jirani wa juu yako kilimani ameanza msingi, vumbi na nyundo tangu alfajiri, na unauliza kama unaweza kumsimamisha. Hayo yamenikuta hapa Bugarika, Mwanza, kwa karibu miaka miwili, acha nikueleze.

Kelele na vumbi vinaumiza, lakini siku nyumba ikiisha vinaondoka. Maji hayaondoki. Milima yetu ya Mwanza udongo ni kidogo tu, chini yake mwamba, na mvua ikinyesha haina pa kunywea, inateremka. Zamani maji ya juu yetu yalikuwa yanajigawa yenyewe kati ya mawe na majani, wala hatukuyajua. Jirani alipokata kilima apate uwanja na kifusi akakimwaga upande wetu, maji yote yakapata njia moja, na njia hiyo ikaja kuishia ukutani mwa jiko letu. Mwezi wa 11, mvua za vuli zilipochanganya, tuliamka usiku tope limefika kwenye miguu ya kabati na mama yangu amesimama juu ya kitanda.

Kosa langu ni kwamba nilinyamaza mapema. Nilimwona anachimba, nikajiambia huyu ni jirani, nikisema nitaonekana nina wivu. Nilipofungua mdomo jamvi, yaani zege la sakafu, lilikuwa limeshamwagwa. Kabla ya hapo, kamba ya msingi ingesogezwa kwa maneno tu. Kwa hiyo wewe ambaye jirani yako bado anachimba, nenda wiki hii.

Na usianzie ofisini. Nenda kwake jioni mafundi wakiwa wameondoka. Mimi nilimwambia hivi: "Shikamoo mzee. Hongera kwa ujenzi. Naomba unioneshe mchoro, nijue maji ya mvua na choo vitaelekea wapi, ili na mimi nijipange." Hakukasirika hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na bahasha yenye kibali. Ndipo nikajua kwamba kibali cha ujenzi si karatasi yenye muhuri tu, kinaambatana na michoro iliyopitishwa na masharti yake. Chake kilitaka nyumba ikae mita moja na nusu kutoka mpakani, maji ya mvua yapelekwe kwa mfereji hadi mtaro wa barabara, na karo la choo, yaani shimo la majitaka, liwe upande wa barabarani. Fundi hakuwa na nakala, alikuwa anajenga kwa kichwa. Karo alishaanza kulichimba upande wetu, kwa sababu ndiko alikokuta udongo!

Hilo la karo lishike sana. Kwenye mwamba maji machafu hayazami, yanatafuta ufa na kufuata mteremko, na wa chini ndiye anayeyapokea. Shukuru Mungu kama mtaa wako ni kati ya ile ya vilimani iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Kama sivyo, choo cha jirani wa juu ni jambo lako pia. Mzee alimwita fundi kesho yake, shimo likafukiwa, karo likahamia barabarani. Mfereji ulichukua miezi zaidi, lakini ulijengwa.

Akikataa kukuonesha kibali, au hana, ndipo uende kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha idara ya mipango miji. Jua kwanza uko kwa nani: hapa Mwanza, Nyamagana ni Halmashauri ya Jiji, Ilemela ni Manispaa, na watu wengi wanapoteza siku nzima kwenye ofisi isiyo yao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu kuendeleza ardhi iliyo kwenye eneo la mipango bila kibali, na halmashauri ina uwezo wa kusimamisha ujenzi. Peleka barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mgogoro ukiwa wa mpaka, unaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Leo hii, kabla ya yote, piga picha. Piga kuta zako ndani na nje, na kila ufa ulioko sasa uuwekee alama ya penseli kwenye ncha zake, uandike tarehe. Piga na bikoni zako zote, zile alama za mpaka wa kiwanja, maana kifusi kikishazifunika kila mtu atakuwa na mpaka wake kichwani, hasa sisi tuliopimiwa kwenye urasimishaji, yaani baada ya kuwa tumeshajenga, ambapo viwanja vimebanana.

Halafu kuna mawe. Unajua wanavyopasua hapa kwetu: wanakoka moto juu ya jiwe mpaka lipate ufa, kisha nyundo. Kwetu walianza na matairi. Moshi ule ulimlaza mwanangu mwenye pumu siku mbili. Tulikubaliana na mzee watumie kuni tu, na wanijulishe jana yake ili mtoto aende kwa bibi yake mdogo Igoma. Waliheshimu. Ila lililonitisha zaidi ni siku kibarua alipoanza kugonga kijiwe kilichokuwa chini ya jiwe kubwa juu ya nyumba yetu, apate kokoto. Kijiwe kama kile ndicho kinachozuia lile kubwa lisiteremke. Nilipanda mbio nikamsimamisha kwa mikono. Waambie mafundi mapema ni mawe gani hayaguswi, uwaoneshe kwa kidole, na mwenye nyumba awepo akisikia.

Kuna jambo moja sikulipata. Dirisha la ghorofani linatazama uani kwetu moja kwa moja, pale mama alipokuwa anatandika mkeka kuchambua dagaa na kupumzika. Umbali wa mpaka umefuatwa na dirisha limo kwenye mchoro, sikuwa na la kudai. Niliomba wanapofika hapo waweke kioo kisichoonesha, wakaweka chini tu, juu wakaacha. Sasa mama amehamia ubavuni mwa nyumba, ambako jua la mchana linampiga. Tumempandia mpera pale, umefika magotini.