Nyie mnaoanza kliniki ya wajawazito, dawa ya minyoo iandikeni kwenye kadi

Wiki hii nimekaa na vijana wa field hapa RCH (kliniki ya mama na mtoto) nikaona yaleyale, mama ana Hb (wingi wa damu) 8.4, kijana anaandika "FEFO, arudi baada ya mwezi", yaani vidonge vya chuma na foliki asidi tu, halafu anaita anayefuata. Jamani wadogo zangu. Nawapenda ila mnanipandisha presha.

1. Ukipima Hb, spiriti kwenye kidole ikauke, tone la kwanza futa, na usikikamue kama chungwa, Hb itadanganya.

2. Dawa ya minyoo ni mebendazole 500 mg au albendazole 400 mg, dozi moja, miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Hapa ndo niliumia. Nikiwa mgeni kazini alikuja mama mmoja mlima bustani, shambani anaingia peku, mimba bado changa. Nikamwambia ya minyoo utapata hudhurio lijalo, ambayo ni sahihi kabisa, ila sikuandika popote. Hudhurio la pili mwenzangu akaona FEFO kwenye kadi, naye akaongeza FEFO. La tatu nikamkuta mimi mwenyewe, Hb imeshuka mpaka 6.8, viganja vyeupe, anahema kwa kutembea tu kutoka kwenye benchi, na mimi bila aibu nikamgombeza mbele ya foleni nzima kwamba dawa hamezi. Akafungua pindo la kanga akanionyesha karatasi za vidonge, tupu zote. "Nameza sista, mpaka choo kimekuwa cheusi." Na choo cheusi ndo dalili ya mtu anayemeza chuma! Maabara wakakuta mayai ya safura kibao, minyoo inayoingilia kwenye nyayo, yaani sisi tunamjazia chuma huku yenyewe imeng'ata utumbo inamnyonya damu. Akapewa rufaa, akaongezewa damu, akajifungua salama. Msamaha nilimwomba siku ya chanjo ya mtoto, nimechelewa mno.

3. Minyoo ikishakufa damu hairudi yenyewe, FEFO inaendelea.

4. Kato-Katz (kipimo cha choo cha kutafuta mayai ya minyoo) isomwe ndani ya nusu saa au saa moja hivi, mayai ya safura huwa yanapotea kwenye slaidi. Maabara wakienda chai kwanza utaletewa "hakuna kilichoonekana" na wewe utaamini.

5. Kanda ya Ziwa mebendazole haitibu kichocho, hiyo ni kazi ya praziquantel. Na malaria pima tu, usibishane.

6. FEFO isishushiwe na chai ya rangi. Halafu udongo: ukimuuliza "unakula udongo?" atakataa mchana kweupe. Muulize anapenda upi, wa sokoni au wa kichuguu, atakutajia mpaka bei.