Betri za zinki na hewa: matokeo mazuri yatilie shaka kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mradi huu hapa Dodoma, karibuni. Nadharia mtaisoma wenyewe. Kwa kifupi, zinki inatoa elektroni, oksijeni ya hewani inazipokea, na bila kichocheo oksijeni ni mvivu kweli kweli. Platinamu inaiamsha vizuri, ila bei yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo tunahangaika na mangani dioksidi, au kaboni yenye chuma na nitrojeni.

Kaboni yangu ilitoka kwenye makapi ya zabibu, yanayobaki baada ya kukamua za mvinyo. Unayakausha, unayasaga na urea na chumvi ya chuma kidogo tu, unayachoma kwa nyuzi 900 ndani ya nitrojeni. Umeme ukikatika, usifungue tanuru. Mimi nilifungua nichungulie; hewa ikaingia, nikatoka na majivu.

Lakini kilichonitoa jasho ni kingine. Kwenye jaribio la uimara, la kupandisha na kushusha volti mara maelfu, kichocheo changu badala ya kuchoka kilizidi kuwa kizuri. Nikakimbilia kwa msimamizi na grafu mkononi. Hakuiangalia hata. "Elektrodi ya pili umetumia nini?" Waya wa platinamu, nikamjibu. Akacheka. Kumbe waya ulikuwa unayeyuka kidogo kidogo ndani ya myeyusho na platinamu inahamia kwenye sampuli yangu. Miezi miwili nasifia makapi ya zabibu, kumbe nasifia platinamu! Tumieni fimbo ya grafaiti. Na kila mara pimeni pia kaboni tupu, isiyotiwa chuma, kwa masharti yaleyale.

Mkondo wenu ukiwa mdogo kuliko wa kwenye makala, msikate tamaa upesi. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12, na oksijeni inayoyeyuka kwenye myeyusho inapungua vivyo hivyo.

Halafu kiangazi chetu. Upande wa betri unaovuta hewa ndio huohuo unaopoteza maji, kwa hiyo pimeni uzito wa seli asubuhi na jioni. Mkiona unga mweupe kwenye matundu ya hewa, ni kabonati: kaboni dioksidi ya hewani imekutana na potasi haidroksidi iliyo kwenye myeyusho wa betri. Futeni mkiwa na glavu na miwani. Ile potasi inachubua ngozi, na jichoni ni balaa.